Umetia madini na gesi haijaongezeka: kutafuta kasoro kwenye mtambo wa bayogesi ya majitaka

Mwongozo huu ni wa mafundi na wasimamizi wa mitambo inayolishwa tope la vyoo hapa Uganda: shule za bweni, masoko, hospitali, na miji midogo ambako kazi ya mfereji hufanywa na lori la majitaka. Malalamiko yanafanana. Mmoja ametia unga wa chuma na gesi imebaki ileile. Mwingine ametia jivu na mtambo umenyamaza kabisa. Wa tatu ameuziwa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vya kunasa amonia, kwa magunia bila kuulizwa hata pH ya tangi lake, yaani kipimo cha uchachu, na huyo ndiye anayeniuma zaidi, maana pesa ya magunia hayo mara nyingi ni karo za wazazi.

Gesi haitoki kwenye madini. Inatoka kwenye uchafu unaooza, na kila kilo ya uchafu ule maabara wanaoupima kama COD, yaani kwa oksijeni inayohitajika kuuteketeza wote, ukioza wote, hutoa methani isiyozidi mita za ujazo 0.35. Hakuna unga wa kuvuka mpaka huo. Kinachofanywa na madini ni kuondoa kizuizi: chuma hufunga salfaidi (ile ya harufu ya mayai viza), zeolaiti hushika amonia, nikeli na kobalti huwapa vijidudu wa methani kirutubisho wanachokosa. Kama kizuizi hicho hakimo tangini mwako, unamwaga pesa kwenye shimo. Kwa hiyo kabla ya kufungua gunia lolote, andika kwenye daftari kwa wiki mbili mambo manne: pH, joto la tope, lita zinazoingia kwa siku, na gesi inayotumika kwa siku. Asiye na daftari hilo hataweza kujua kama dawa imefanya kazi au wanafunzi wamerudi tu kutoka likizo.

Hatari, kabla ya yote

Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Usitafute mvujo kwa kiberiti. Tumia povu la sabuni. Salfaidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya mayai viza, ni nzito kidogo kuliko hewa na hutulia mashimoni. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo harufu kupotea ghafla si dalili njema hata kidogo. Ikipanda kufikia sehemu mia kadhaa, mtu huanguka.

Hakuna anayeingia tangini, hata likiwa limemwagwa tope lote, hata kwa dakika moja kuokota ndoo. Aliyeanguka ndani hafuatwi na mwenzake asiye na kifaa cha kupumulia. Ndivyo wanavyokufa wawili na watatu kwa shimo moja. Kazi ya ndani ya tangi ni ya wataalamu wenye kipima gesi, mkanda wa kuvutia mtu na hewa yao wenyewe.

Gesi ni kidogo, na haijawahi kuwa nyingi

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni tope lililokwisha kuoza kabla halijakufikia. Sehemu kubwa ya Kampala haijaunganishwa na bomba la majitaka. Watu hutumia vyoo vya shimo na septiki, na malori hupeleka tope vituo kama Lubigi, kilichoanza kazi 2014, na Bugolobi. Tope la choo cha shimo kilichokaa miaka mitano bila kunyonywa limeshatoa gesi yake huko huko shimoni. Muulize dereva ametoa wapi. Tope la choo cha soko kinachonyonywa kila wiki ni la kahawia, linanuka kinyesi waziwazi na lina nguvu. La choo cha zamani ni jeusi, halinuki sana, na limejaa mchanga, chupa na vitambaa. Ukitaka uhakika, peleka sampuli maabara wapime ni sehemu gani ya tope kavu inayoungua: kinyesi kibichi huzidi asilimia 80, na ukiambiwa nusu au chini yake, tatizo lako ni chakula. Dawa ni kubadilisha chanzo, au kuchanganya na mabaki ya posho, maganda ya matooke yaliyokatwakatwa, au samadi ya ng'ombe. Madini hapa hayana kazi.

Sababu ya pili ni maji mengi. Gawa ujazo wa tangi kwa kinachoingia kila siku. Tangi la mita za ujazo 50 linaloingiza 2.5 kwa siku linakaa na tope siku 20, na muda huo unatosha tangi linalopashwa joto hadi nyuzi 35 au zaidi. Lako halipashwi. Wastani wa joto la Kampala ni kama nyuzi 22, na kule Kabale na Kisoro baridi ni kali zaidi. Bila kupasha joto, hesabu siku 40 na kuendelea, na milimani zaidi ya hapo. Angalia kama maji ya mvua ya paa au ya bafu yanaingia kwenye tundu la kulishia. Mara nyingi bomba lilielekezwa huko na mtu aliyetaka kuondoa dimbwi tu.

Tatu, mvujo. Funga vali zote jioni, weka alama kwenye kipima shinikizo cha bomba la U (mpira uliopindwa kama herufi U wenye maji ndani), ukisome alfajiri. Kikiwa kimeshuka, paka sabuni kwenye viungo, vali na shingo ya kuba. Ufa wa kuba la matofali ni kazi ya fundi aliyefunzwa, si ya kuzibia saruji kwa nje.

Nne, mchanga. Mtambo wa miaka mingi unaolishwa tope la vyoo vya shimo unaweza kubaki na nusu tu ya nafasi yake. Teremsha ubao mrefu kupitia tundu la kutokea, ukiwa umesimama nje, na uhisi unagota wapi.

Haya yote yakiwa sawa ndipo uwaze upungufu wa nikeli, kobalti, molibdeni au seleni. Tope la majitaka kwa kawaida huwa nayo ya kutosha. Upungufu huonekana zaidi pale ambapo mabaki ya jikoni yamekuwa sehemu kubwa ya lishe, au ambapo salfaidi nyingi imeyafunga madini hayo yasiweze kutumika. Yanahitajika kwa kiasi kidogo sana, mengi chini ya miligramu moja kwa lita, na yakizidi ni sumu kwa vijidudu na kwa mtu anayeyashika. Usipime kwa kijiko. Peleka sampuli kwanza.

Gesi inanuka mayai viza, jiko linaliwa na kutu, oili ya jenereta inaharibika upesi

Hapa ndipo madini ya chuma yanapolipa kuliko mahali pengine pote, na ndiyo sababu yametajwa sana. Lakini anza kwa kuuliza salfa inatoka wapi.

Mara nyingi ni protini na salfeti zilizomo kwenye lishe. Mara nyingine, na inasikitisha, ni dawa iliyotiwa na msimamizi mwenyewe. Jasi ni salfeti ya kalsiamu. Chumvi ya Ziwa Katwe, mbali na chumvi yenyewe, ina salfeti na magadi. Salfeti ya chuma inayouzwa kama mbolea au dawa ya maji huleta chuma kwa mkono mmoja na salfeti kwa mkono wa pili. Ukitia vitu hivi tangini, vijidudu wanaokula salfeti hunyang'anyana chakula na wale wa methani, na wanachokirudisha ni ile gesi ya mayai viza. Acha kwanza kutia, subiri wiki mbili, pima tena.

Kama harufu haijapungua, fanya hesabu. Chuma na salfa hufungamana kwa uzito wa 1.75 kwa 1, hivyo kilo moja ya salfa inataka kilo 1.75 za chuma. Tuseme mtambo unatoa mita za ujazo 100 za gesi kwa siku, na salfaidi ni sehemu 3,000 kwa milioni. Hiyo ni lita 300 za salfaidi, yenye salfa karibu kilo 0.4. Kwa karatasi unahitaji chuma kilo 0.7. Kwa kweli utahitaji mara mbili au tatu ya hapo, kwa sababu salfaidi nyingine imeyeyuka ndani ya tope na fosfeti nayo hukamata chuma chake. Sema kilo 1.5 hadi 2 kwa siku. Kloridi ya chuma ya maji, ya asilimia 40, ina chuma kama asilimia 14 ya uzito wake, kwa hiyo unazungumzia kilo 11 hadi 15 za dawa kila siku. Piga bei ya hiyo kabla ya kutia sahihi popote. Kwa kituo chenye jenereta kubwa kama Bugolobi hesabu hii ni ya kawaida. Kwa shule inayopika maharage, sivyo.

Tena kloridi ya chuma ni tindikali kali. Inachoma ngozi na macho, inatoboa mabati na chuma cha pua pia, na inashusha pH ya tangi. Haiwekwi kwenye ndoo ya chuma, wala haimwagwi na mtu asiye na glavu, miwani na maji ya kunawia karibu. Ukikosa pampu ndogo ya kudondosha dawa na mtu aliyefunzwa kuitumia, usianze.

Kwa mitambo midogo ninapendekeza kichujio cha udongo mwekundu wa maramu kwenye bomba la gesi. Udongo wetu una oksidi nyingi za chuma, na ni za bure. Chekecha mabonge ya ukubwa wa punje ya mahindi, ondoa vumbi, lowesha kidogo, jaza kwenye pipa la plastiki gesi ipite kutoka chini kwenda juu. Likifunguliwa baada ya muda utaona mstari: chini udongo umekuwa mweusi kama masizi, juu bado ni mwekundu. Weusi ukipanda robo tatu, badilisha. Fundi wengi hushangazwa na kinachofuata: udongo huo mweusi ukikutana na hewa hurudia wekundu wake na hutoa joto, na ukikauka ukiwa umerundikwa unaweza kushika moto. Funga gesi, utoe nje uwanjani, usambaze mwembamba, ulowane, mbali na kuni na gunia la makaa. Ukipoa waweza kuutumia tena mara chache.

Vipande vya chuma vya mashine ya kuchongea, vinavyopatikana kwa mafundi vyuma wa Katwe pale Kampala (si Katwe ya ziwani), pia hufanya kazi vikitiwa ndani ya tangi. Vioshe oili kwa sabuni na maji moto. Kataa mabati, kataa vilivyopakwa rangi, kataa vya kung'aa vyenye kromu. Zinki na kromu huwaua vijidudu na hubaki kwenye mbolea.

Simama na uite mtaalamu iwapo salfaidi inazidi sehemu 10 kwa milioni mahali watu wanapofanyia kazi, au mtu yeyote jikoni analalamika kichwa na macho.

Gesi ipo lakini moto unazimika, pH imeshuka chini ya 6.8

Tangi limepata uchachu. Kilicho cha kawaida zaidi ni kulishwa kwa pupa: muhula umefunguliwa, wanafunzi 800 wamerudi siku moja, na vijidudu wa methani waliokuwa wamepungua wakati wa likizo hawawezi kumaliza tindikali inayotengenezwa. Kinachofuata ni dawa za kuulia wadudu chooni, hasa zenye klorini, zinazomwagwa kwa galoni siku ya ukaguzi. Halafu kloridi ya chuma iliyozidi.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu: acha kulisha, au punguza hadi robo, kwa siku kadhaa. Rudisha lita chache za tope linalotoka upande wa pili. Lina vijidudu hai. pH ikianza kupanda yenyewe, usitie kitu.

Isipopanda, magadi ya kuokea mikate, yaani bikaboneti ya sodiamu, ndiyo salama zaidi. Yeyusha kwenye maji, tia kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku ukipima. Chokaa, inayopatikana kwa bei nafuu Tororo na Hima, ina mtego ambao wengi hawauelewi. Hunyonya hewa ukaa kutoka kwenye gesi iliyo juu ya tope, shinikizo hushuka kwa kasi, na tangi lililofungwa linaweza kuvuta hewa ya nje ndani au kupasuka kuba. Hewa ndani ya methani ni mchanganyiko wa mlipuko. Kama huna budi kutumia chokaa, iwe maji ya chokaa mepesi, dozi ndogo, macho yako yakiwa kwenye kipima shinikizo, na ukome pH ikigusa 6.8. Kupita hapo chokaa hugeuka mawe meupe chini ya tangi bila kukusaidia.

pH chini ya 6 kwa zaidi ya wiki moja: ita mtaalamu. Huenda tangi likahitaji kuanzishwa upya kwa tope la mtambo mwingine wenye afya.

pH imepanda kupita 7.8, harufu ya mkojo, gesi inapungua polepole

Hiyo ni amonia. Vyoo vinavyotumia maji kidogo hupeleka mkojo mzito, na naitrojeni ya amonia ikizidi miligramu 3,000 kwa lita karibu kila mtambo hulemewa. Ila kabla ya kulaumu mkojo, uliza kuhusu jivu. Watu wengi hutia jivu chooni kuzuia harufu na nzi, tabia nzuri kwa choo cha shimo, lakini jivu hupandisha pH, na pH ikipanda amonia ileile iliyokuwa haina madhara hugeuka kuwa ile inayopenya na kuwadhuru vijidudu. Hapo aliyetia jivu akidhani anaongeza madini ameuzima mtambo wake.

Komesha jivu, ongeza maji, punguza kinyesi cha kuku kama kinachanganywa. Zeolaiti ya kweli husaidia hapa kwa kushika amonia. Unga mweupe wa kaolini kutoka Mutaka si mbadala wake: uwezo wake wa kushika ni sehemu ndogo tu ya ule wa zeolaiti au bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa), na utakachopata ni udongo wa ziada chini ya tangi. Muuzaji aseme ni madini gani hasa na akupe cheti cha maabara, asipoweza, mwache.

Povu linatoka kwenye tundu la kutokea

Sabuni, mafuta ya jikoni, au lishe iliyoongezwa ghafla. Punguza lishe, zuia maji ya kufulia. Vumbi laini la madini lenyewe huweza kulishikilia povu lisivunjike, kwa hiyo acha kulitia mpaka litulie. Povu likiingia kwenye bomba la gesi, funga jiko na jenereta mara moja.

Bomba limeziba

Fuwele nyeupe au za manjano, ngumu kama mchanga ulioshikana, hasa kwenye kona na pampu, ni struvaiti: magnesiamu, amonia na fosfeti. Huwapata waliotia oksidi ya magnesiamu ili kupunguza amonia. Bomba likiwa nje na limeoshwa, siki au tindikali ya limau huziyeyusha.

Uchafu mweusi ni jambo lingine. Huo ni salfaidi ya chuma, na ukiumwagia tindikali yoyote, hata siki, huachia salfaidi ya hidrojeni papo hapo, usoni mwako. Bomba lenye weusi linakwanguliwa likiwa limelowa, nje, upepo ukikupa mgongo, au linabadilishwa. Usichanganye kamwe tindikali na weusi huo ndani ya chumba cha pampu.

Gesi ilipanda wiki ya kwanza, kisha ikarudi ilikokuwa

Kwa vipande vya chuma hili linaeleweka. Chuma kikioza kutu ndani ya tope hutoa hidrojeni, vijidudu huitumia kugeuza hewa ukaa kuwa methani, na gesi hupanda. Baadaye uso wa chuma hufunikwa na salfaidi nyeusi na kazi hupungua. Kwa madini mengine, shuku kwanza kwamba haikuwa dawa: lishe ilibadilika, joto lilipanda, au tope lilikorogwa wakati wa kutia dawa na gesi iliyokuwa imenaswa ikatoka. Kama gesi inashuka chini ya kiwango cha zamani na uliendelea kuongeza dozi, unaelekea kwenye sumu ya metali. Acha.

Na hapa niseme wazi kuhusu masalia ya mgodi wa Kilembe. Yana kobalti, kweli, na kobalti imetajwa juu kama kirutubisho. Lakini yana shaba pia, na salfaidi, na hakuna anayeweza kukuambia gunia moja lina nini. Tope lako litaishia kwenye migomba ya mtu. Usiyatie. Tope lililotiwa metali yoyote lipimwe maabara kabla ya kwenda shambani, na kuhusu kulitupa fuata masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda.

Kujaribu dawa kabla ya kuinunua kwa magunia

Chukua madumu manne ya lita 20 yanayofanana. Jaza kila moja lita 15 za tope kutoka tangi lako, likiwa limekorogwa vizuri, na ongeza lishe ya kiasi kilekile. Mawili yatiwe dawa kwa kipimo cha muuzaji, mawili yasitiwe kitu. Kila kifuniko kiwe na mpira unaoishia ndani ya chupa iliyopinduliwa kwenye ndoo ya maji, ili gesi isukume maji na uisome kwa alama. Dumu lililofungwa bila mpira hupasuka. Yaweke pamoja kivulini, mbali na moto, pahali penye hewa, kwa wiki tatu hadi nne, ukisoma kila asubuhi na kutoa gesi nje chupa ikijaa.

Mwishoni linganisha kwanza yale mawili yasiyotiwa dawa. Yakitofautiana kwa lita nne, basi lita nne ni kelele tu, yaani tofauti ya bahati nasibu, na dawa iliyoongeza lita tatu haijaongeza kitu. Ikiwa yote mawili yenye dawa yamepita kelele hiyo kwa kiasi kinachoonekana, washa gesi ya kila jozi kwenye jiko dogo, nje, uone kama moto ni wa buluu na unashika, kisha ndipo uulize bei ya gunia.